Anayetia sahihi ndiye mwenye kituo: miaka yangu katika redio na muziki wa Uganda

Nimeyaandika haya kwa ajili ya wanawake wanaofanya kazi katika redio, televisheni na muziki hapa Uganda, hasa wale ambao tayari wameanza kusifiwa kwamba wana sauti nzuri. Sauti nzuri ni neema, na ndiyo iliyonipatia ajira yangu ya kwanza. Hata hivyo, katika miaka yote niliyokaa katika kazi hii, kwanza nikiwa msomaji wa habari, kisha mkuu wa vipindi, baadaye meneja wa kituo na hatimaye msimamizi wa wanamuziki, sikuona hata mara moja sauti ikiamua nani aajiriwe, wimbo gani uchezwe au fedha za matangazo zitumikeje. Mambo hayo yaliamuliwa na watu waliokuwa na sahihi benki, waliojua leseni inasema nini na waliosoma mikataba hadi ukurasa wa mwisho. Wanawake tulikuwa wengi studioni, na wachache mno katika chumba kile kingine.

Nilikulia katika kambi ya polisi ya Nsambya, jijini Kampala, mahali ambapo watoto wa askari waliotoka Arua, Gulu, Soroti na Mbale walicheza, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha ya baba zetu kazini. Nje ya ua wa kambi lugha hiyo ilitazamwa kwa hofu, kwa sababu raia wengi waliizoea kutoka vinywani mwa wanajeshi wenye bunduki katika miaka ya 1970 na 1980, na shuleni nilijifunza kuificha. Wakati ule hakuna aliyedhani kwamba mwaka 2005 katiba ingerekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, wala kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lingeidhinisha utekelezaji wake. Mimi kilinipa mkate mapema zaidi.

Hadi mwaka 1993 msikilizaji wa Uganda alikuwa na Redio Uganda ya serikali. Mwishoni mwa mwaka huo Radio Sanyu ilianza kurusha kwenye FM, Capital FM ikafuata baada ya muda mfupi, na mwaka 1996 CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ikaingia hewani kutoka Bulange, Mengo, ikaonyesha kwamba lugha ya nyumbani huvuta wasikilizaji wengi, na nyuma ya wasikilizaji huja wafanyabiashara. Vituo vikachipuka kila upande, na kimoja kati ya hivyo vipya kiliniajiri kusoma taarifa ya habari ya Kiswahili usiku na kutafsiri matangazo ya biashara mchana. Nililipwa kwa zamu, mkononi, bila barua ya ajira. Zamu ikifutwa, malipo nayo yalifutwa, na nauli ya bodaboda ya kurudi Nsambya usiku wa manane ilikuwa juu yangu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa idara ya mauzo ambaye sote tulimwita Hajjat. Ilikuwa baada ya MTN kuingia nchini mwaka 1998 na kuanza kushindana na Celtel, iliyotangulia mwaka 1995, na kampuni za simu zilikuwa zikinunua muda wa matangazo kwa wingi ambao redio zetu hazijawahi kuuona. Siku moja Hajjat aliniuliza, "Mwanangu, hizo sekunde 30 unazozisoma asubuhi, unajua zinauzwa shilingi ngapi?" Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba hakuna aliyewahi kuniambia. "Basi vuta kiti, ukae." Kuanzia hapo, kila nilipomaliza kutafsiri, nilikaa mezani kwake nikasoma orodha ya bei, nikaona jinsi saa za asubuhi na za jioni zinavyouzwa ghali kuliko za mchana, jinsi wakala wa matangazo anavyochukua kamisheni yake, na jinsi ankara inavyoweza kukaa miezi mitatu au zaidi bila kulipwa huku wafanyakazi wanasubiri mishahara. Nilielewa kwa nini bwana mkubwa wa kituo alikuwa mpole mwanzoni mwa mwezi na mkali mwishoni mwake.

Ninawasihi mabinti wanaoanza sasa wafanye hivyo hivyo. Usingoje kupandishwa cheo ndipo ujifunze hesabu za kituo. Mtangazaji anayejua kipindi chake kinaingiza fedha kiasi gani, kinadhaminiwa na nani na mkataba wa mdhamini unaisha lini, huzungumza na uongozi kwa namna nyingine kabisa. Nilipoomba barua ya ajira, sikuzungumzia bidii yangu wala barua za mashabiki. Niliweka mezani orodha ya wateja waliokuwa wakinunua saa zangu, na barua ikaandikwa wiki hiyo hiyo. Ukishaipata ya kwako, hakikisha inataja makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani asilimia 5 kutoka mshahara wako na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, kisha uwe unaangalia salio lako mara kwa mara. Nimefanya kazi mahali ambapo makato yaliandikwa kwenye karatasi ya mshahara na hayakufika kwenye mfuko, na wenzangu waligundua hivyo walipokuwa wameshastaafu.

Cheo cha mkuu wa vipindi kilikuja katikati ya miaka ya 2000. Niliitwa, nikapongezwa, nikapewa ofisi, na nikaambiwa kwamba fedha za idara zitaendelea kuidhinishwa na mtu mwingine "kwa sasa". Nimewaona wanawake wengi wakipewa uongozi wa namna hiyo: jina mlangoni, lawama zote za kazi, na kila shilingi ya kalamu au betri kuombwa kwa mwanamume aliye mlango wa pili. Nilishukuru, nikaomba siku chache, kisha nikarudi na barua fupi iliyosema kwamba nitaanza kazi nitakapokuwa na bajeti ninayoitia sahihi, mamlaka ya kushiriki katika kuajiri, na nafasi katika kikao cha kila wiki cha mapato. Walikasirika. Nilikaa miezi mingi nikiendelea kusoma habari huku watu wakinong'ona kwamba nimekataa bahati, na nilikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu nilikuwa na mtoto mdogo na kodi ya nyumba. Hatimaye walikubali bajeti na kikao, wakakataa nishiriki katika kuajiri, na niliipokea kazi kwa masharti hayo. Kama ningeanza kazi kwanza nikitumaini kuyapata baadaye, ninaamini nisingeyapata hadi leo.

Kazi ngumu kuliko zote katika idara ile ilikuwa nyimbo. Watu wa nje hudhani kwamba wimbo huchezwa kwa sababu ni mzuri. Katika vituo vingi wimbo huchezwa kwa sababu kuna bahasha iliyopita kutoka kwa promota au meneja wa msanii hadi kwa dijei, na kwa kuwa mshahara wa dijei ni mdogo, bahasha hiyo inageuka kuwa sehemu ya mshahara wake, ambayo uongozi unaijua na kuinyamazia. Anayeumia ni msanii asiye na mtu nyuma yake. Anayeumia zaidi ni msanii wa kike, kwa maana yeye anapokosa fedha huombwa kitu kingine. Mabinti walikuja ofisini kwangu kunieleza waziwazi walichoambiwa kwenye maegesho ya magari, na wengine walikuwa bado wanasoma sekondari. Nilikuwa nikifunga mlango wakishaondoka na kulia, kisha ninanawa uso na kwenda kwenye kikao.

Tuliunda kamati ya muziki. Nyimbo zote mpya zilipokelewa mapokezi, zikaandikwa kwenye daftari kwa tarehe, jina la wimbo na jina la aliyeuleta, kisha watu watano, wawili kati yao wakiwa nje ya studio, walizisikiliza pamoja mara moja kwa wiki na kuandika uamuzi. Msanii aliruhusiwa kuja kuuliza kwa nini wimbo wake umekataliwa. Orodha ya nyimbo iliwekwa kwenye kompyuta, na dijei aliyecheza wimbo nje ya orodha alitakiwa kueleza. Hata hivyo kamati pekee isingetosha. Nilikwenda kwenye kile kikao cha mapato, nikiwa na takwimu za Hajjat, nikaomba sehemu ya fedha za udhamini wa vipindi vya muziki iwe posho ya madijei, kwa kuwa huwezi kumnyang'anya mtu bahasha na kumwacha na njaa. Walinikubalia nusu ya nilichoomba.

Upinzani ulikuwa mkali na wa kuchafua. Magazeti ya udaku yaliandika kwamba nina uhusiano na mwenye kituo, na uvumi huo ulifika kwa mama mkwe wangu kabla haujanifikia mimi. Dijei mmoja maarufu aliondoka na wadhamini wake. Kwa miezi kadhaa mapato ya usiku yalishuka na nilikuwa ninaitwa kujieleza. Lililoniokoa ni lile daftari la mapokezi, kwa sababu kila aliyelalamika kwamba wimbo wake umezuiwa kwa chuki aliweza kuonyeshwa tarehe, majina ya waliosikiliza na sababu. Kiongozi mwanamke atatuhumiwa tu. Hilo sidhani litabadilika karibuni. Basi kila uamuzi unaohusu fedha au watu na uwe na karatasi yake siku ile ile, kabla kumbukumbu za watu hazijaanza kubadilika.

Kuhusu rushwa ya ngono ndani ya ofisi, ipo silaha ambayo wengi hawaitumii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na utaratibu wa kuzuia udhalilishaji wa kijinsia kazini, na kanuni za mwaka 2012 zimefafanua utaratibu huo. Nilipouliza utaratibu wetu uko wapi, nilionyeshwa kabati. Tuliuandika upya, tukautafsiri kwa Kiganda na Kiswahili ili wafagizi na walinzi nao wausome, na tukaweka kanuni moja rahisi ambayo ilibadilisha mengi: hakuna mfanyakazi anayekwenda kumwona mteja wa matangazo peke yake, na mkataba hausainiwi hotelini usiku. Tulipoteza wateja. Wale walioondoka kwa sababu ya kanuni hiyo sikuwahi kuwajutia.

Niliteuliwa kuwa meneja wa kituo wakati umeme wa nchi ulikuwa umepungua vibaya. Kati ya mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka, mabwawa ya Jinja yakazalisha kidogo, na mgao wa umeme ukaifanya dizeli ya jenereta kuwa moja ya gharama kubwa kabisa katika hesabu zetu. Mafundi waliniletea karatasi za mafuta wakijua kwamba mwanamke aliyetoka kusoma habari hataelewa. Nilipanda nao kilimani kulipo mtambo wa kurushia, nikaomba nieleweshwe mashine moja baada ya nyingine, nikajua jenereta inakunywa lita ngapi kwa saa na tunapunguza nini tukishusha nguvu za mtambo usiku. Matumizi ya mafuta yalipungua bila mimi kumfukuza mtu. Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji kujua kiasi cha kutosha ili anayekuletea hesabu ajue kwamba utaiuliza maswali.

Leseni nayo ni ya kusomwa. Sheria ya mwaka 1996 ilikuwa imeunda Baraza la Utangazaji, na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2013 ikalihamishia jukumu hilo kwenye Tume ya Mawasiliano, UCC. Kwa hiyo waliokuwa kazini kipindi hicho walilazimika kujifunza masharti upya. Septemba 2009, wakati wa machafuko yaliyofuatia kuzuiwa kwa ziara ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Kayunga, serikali ilifunga vituo vinne, CBS kikiwa mojawapo, na CBS hakikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Sote katika tasnia tulitetemeka, maana tulifahamu familia ngapi hula kutokana na kituo kimoja. Tangu mwaka huo nilisisitiza mambo ambayo wamiliki huyaona kuwa ni woga: akiba ya mishahara ya miezi mitatu ambayo haiguswi, rekodi za vipindi vya mijadala kuhifadhiwa na kuwekewa tarehe, mtayarishaji mwenye mamlaka ya kukata simu ya msikilizaji anayechochea chuki, na namba ya wakili ikiwa ukutani. Redio katika nchi yetu ina nguvu ya kuokoa pia. Mega FM ya Gulu, kwa kipindi chake cha Dwog Cen Paco, iliwaita vijana waliokuwa msituni na waasi warudi nyumbani, na wengi walirudi kwa kuzisikia sauti za wenzao waliotangulia. Mtu anayeongoza chombo cha namna hiyo hawezi kuwa mvivu wa kusoma masharti.

Nyumbani gharama ilikuwa kubwa. Sheria hiyo hiyo ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo, na mtoto wangu wa mwisho nilimzaa nikiwa meneja. Nilizichukua zote, ingawa niliambiwa kwamba viongozi hawafanyi hivyo. Nilizichukua kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wa chini yangu, kwani mkubwa akirudi kazini baada ya wiki tatu, mfagizi ataogopa kuomba haki yake. Ndoa yangu haikuhimili zile saa na ule uvumi. Siwezi kuandika kuhusu uongozi katika tasnia hii nikalificha hilo, wala sitamwambia mtu kwamba kila kitu hupatikana kwa wakati mmoja. Dada yangu alinilelea watoto kwa miaka, na kila mwezi nilimlipa kama ambavyo ningemlipa mtu yeyote anayefanya kazi, jambo ambalo wanawake wengi hawalifanyi kwa ndugu zao, kisha wanashangaa undugu unapochoka.

Nilipoacha redio nilianza kuwasimamia wanamuziki, wengi wao wanawake. Muziki wetu una wanawake wakubwa: Joanita Kawalya na Rachel Magoola waliipa Afrigo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, baadhi ya sauti zake zinazokumbukwa sana, na Magoola baadaye akaingia bungeni akiiwakilisha Bugweri. Lakini binti wa leo anayerekodi Kampala kwa kawaida haandikiani chochote na prodyuza. Anaimba, anashangilia, na miaka miwili baadaye, wimbo unapotakiwa na kampuni ya matangazo, ndipo anapoambiwa kwamba rekodi si yake.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na ulinzi huo unaanza wimbo unapowekwa katika rekodi au maandishi, hata kabla ya kuandikishwa. Hata hivyo ninawashauri waandikishe kazi zao URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kwa sababu cheti hurahisisha mashauri mahakamani, na wajiunge na UPRS, chama cha kukusanya mirabaha kilichokuwepo tangu mwaka 1985. Kabla ya kurekodi, andikeni karatasi moja inayosema nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, nani amelipia studio, na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Kama umeajiriwa, fahamu kwamba kazi unayoibuni kwa ajili ya mwajiri, ukiwemo wimbo wa utambulisho wa kipindi, ni mali yake isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Na kuhusu malipo ya maonyesho, kampuni nyingi kubwa zitakukata kodi ya zuio ya asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1. Dai cheti cha makato hayo, kwani URA, mamlaka ya mapato, huyahesabu unapowasilisha ritani yako ya kodi.

Machi 2020 matamasha yalipigwa marufuku kwa sababu ya korona, na hayakuruhusiwa tena hadi Januari 2022. Wasanii wangu waliokuwa wameandikishana haki zao waliendelea kupata kidogo kutoka kwenye simu na mitandao. Waliotegemea jukwaa pekee waliuza vyombo, na mmoja, mwenye sauti ambayo nchi nzima inaijua, alirudi kijijini kulima mihogo. Nilimpigia simu kila wiki. Nilichokuwa nacho cha kumpa kilikuwa kidogo mno.

Siku hizi ninaalikwa kwenye bodi, na wanawake walionifuata wameanza kualikwa pia. Wakiniuliza kama wakubali, ninawaambia waombe kwanza hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, nakala ya leseni, uthibitisho wa malipo ya NSSF na kodi ya mishahara, na orodha ya kesi zilizo mahakamani, kwa sababu chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 mkurugenzi ana wajibu wake mwenyewe hata kama alialikwa ili picha ya bodi iwe na mwanamke. Kampuni moja ilipokataa kunipa hesabu hizo, niliukataa mwaliko kwa maandishi. Nyingine ilinitumia faili zote siku iliyofuata, na huko ndiko ninakohudumu, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi.